Udongo Hujibu

Watu wakisikia nafinyanga, wengi hukimbilia neno moja: utulivu. “Lazima inakutuliza sana,” huniambia, nami huitikia kwa adabu, maana kubisha kungemaliza jioni yote. Ukweli ni kwamba udongo haunitulizi hata kidogo. Unanisumbua. Unaweza kunishikilia nikigombana na ukingo wa bakuli unaokataa kukaa sawa, na nikiinuka hapo mabega yananiuma na kichwa bado kimo kazini. Anayetaka kutulia akalale. Kilichonishika mimi ni kitu kingine: udongo hujibu.

Kazi inayonilipia kodi haijibu. Nashinda kwenye kompyuta nikirekebisha nyaraka ambazo mwingine atazirekebisha tena, naye atazipeleka kwa mwingine, na mwisho wa yote hakuna mahali ninapoweza kuweka kidole na kusema hapa palipita mkono wangu. Siilaani kazi hiyo, inaniweka mjini. Lakini binadamu ana njaa ya kufanya jambo akaliona limefanyika, na njaa hiyo mshahara hauitibu. Kwenye udongo, ukibinya kupita kiasi unaona pale pale. Ukisitasita, alama ya kusitasita inabaki kwenye ukuta wa chungu. Hakuna kikao cha kujadili nani alaumiwe.

Husemwa kwamba ubunifu ni kutoa kilichomo ndani ya mtu. Mimi nina mashaka na maelezo hayo. Ndani yangu hamna bakuli lolote linalosubiri kutolewa. Lipo donge, ipo mikono, na yapo majibizano kati yao, na bakuli hutokea humo. Mara nyingi si lile nililolikusudia. Mara chache ni bora kuliko nililolikusudia, na hizo mara chache ndizo zinazonirudisha.

Kwa kuwa ni majibizano, yafaa kumjua unayejibizana naye. Udongo wa mfinyanzi uliwahi kuwa mwamba. Feldspa, madini yaliyojaa ndani ya mawe kama itale, huliwa na mvua kidogo kidogo kwa muda usiohesabika. Chumvi zake huoshwa zikaenda, na kinachobaki ni kaolini na ndugu zake: vipande bapa vidogo mno, visivyozidi mikroni mbili, kiasi kwamba ungeweza kuvipanga mia tano na zaidi katika urefu wa milimita moja. Kati ya vipande hivyo hukaa maji. Maji hayo ndiyo siri yote. Yanaviruhusu viteleze kimoja juu ya kingine bila kuachana, ndiyo maana udongo ukiusukuma unakwenda, na ukiuacha unabaki pale ulipouacha. Mchanga hauwezi hilo. Maji yakipungua, udongo unapasuka ukiukunja. Yakizidi, unalegea na kuporomoka. Eneo la kufanyia kazi ni jembamba, na mikono hujifunza kulipata muda mrefu kabla kichwa hakijaweza kulieleza.

Halafu udongo una kumbukumbu. Hili lilinishangaza kuliko jambo lolote. Chukua bapa la udongo mbichi, lipinde kwa bahati mbaya unapolibeba, kisha lilaze mezani ulinyooshe hadi lionekane limenyooka kabisa. Likianza kukauka, na zaidi likiingia motoni, litajipinda tena upande uleule. Vile vipande bapa vilishajipanga kwa msukumo wa kwanza, na kunyoosha juu juu hakukuvipanga upya. Ndiyo maana mfinyanzi makini hubeba bapa lake juu ya ubao, na ndiyo maana namna unavyoukanda udongo kabla hujaanza ni sehemu ya kazi yenyewe. Kwenye kukanda nako kuna imani moja isiyokufa: kwamba kipovu cha hewa ndicho kinacholipua chungu tanurini. Kinacholipua ni maji. Ukuta mnene ambao haujakauka ndani, ukipashwa moto haraka, maji yake hugeuka mvuke na mvuke hutafuta mlango. Kipovu kitakusumbua unapovuta ukuta, kitakuachia uvimbe, lakini chungu kilichokauka sawasawa hakilipuki kwa sababu ya hewa.

Nimejaribu gurudumu la kufinyangia, linalouzungusha udongo mbele yako, na nalipenda, ila si kazi ninayoichagua nikipewa uhuru. Gurudumu lina haraka yake. Lazima kwanza uutulize udongo katikati, uzunguke bila kuyumba, na kabla hujafanikiwa katika hilo hakuna kingine kinachowezekana. Kisha kila kitu hutokea kwa kasi, na chungu kinasimama au kinaanguka kabla hujawaza. Wapo wanaoipenda kasi hiyo. Mimi napenda kamba za udongo: unaviringisha kamba, unaizungusha juu ya kitako, unaifuta ndani na nje hadi mshono upotee, unaweka nyingine. Ukuta unapanda polepole kiasi kwamba unaweza kubadili mawazo njiani. Tumbo likitoka sana unaingiza kamba inayofuata kwa ndani kidogo. Chungu kinakusubiri ufikiri.

Na asije mtu akakuambia kwamba kamba ni njia ya wanaoanza. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kufanya kazi zake nyingi Uingereza, hujenga vyombo vyake kwa mkono, bila gurudumu, na hapaki glezi, ule utando wa kioo unaong'arisha vyombo vya kauri. Huvisugua vikang'aa, huvichoma vikatoka na wekundu wa machungwa, na vingine huvichoma tena katika moto ulionyimwa hewa vikawa vyeusi. Hapo katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kufundisha gurudumu na glezi za moto mkali, lakini jina lake kubwa lilikuja kuwa la mwanamke aliyefika akiwa tayari bingwa wa kujenga kwa mkono, Ladi Kwali. Sura yake akiwa kazini na chungu chake imo nyuma ya noti ya naira 20. Sizijui noti nyingi duniani zilizompa mfinyanzi heshima hiyo, na kila nikikumbuka najisikia kukaa wima zaidi.

Kinachonivutia kwa hawa wawili ni namna chombo kinavyobeba maamuzi. Ukitazama chombo cha Odundo huoni pambo la kukufanya usahau umbo; ni mstari tu, unatoka kwenye kitako, unavimba, unabana shingoni, unafunguka mdomoni. Mstari ukikosea hakuna pa kuuficha. Nikifanya kazi hujiuliza swali hilohilo kwa kiwango changu kidogo: tumbo ligeukie wapi? Sentimita moja juu, chungu kinaonekana kinapumua. Sentimita moja chini, kinaonekana kimechoka. Swali kama hilo linaweza kunichukua jioni nzima, na hizo ndizo jioni ninazozihesabu kuwa zimetumika vizuri.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, na wanaoutumia msemo huo kwa watoto watukutu sidhani kama huwa wanawaza vikombe. Mimi nawaza vikombe. Udongo una saa yake, na saa hiyo haiulizi ratiba yako. Ukiwa mbichi unaubinya utakavyo. Ukishaanza kukakamaa, umesimama hauinami lakini ukucha bado unaingia, huo ndio wakati wa kuchonga kitako na kubandika mkono wa kikombe. Ukichelewa umepita. Mkono wa kikombe na kikombe chenyewe sharti viwe na unyevu unaokaribiana, kwa sababu vyote vinasinyaa vikikauka, na kimoja kikisinyaa zaidi ya kingine hutengana pale pale ulipovishikanisha. Kwa hiyo unafunika kwa mfuko wa plastiki, unafunua, unafunika upande mmoja, unarudi kugusa. Mtu mzima mwenye mambo yake anaamka usiku kwenda kukifunika kikombe. Ukimweleza asiyefinyanga atakuonea huruma.

Saa hiyo ya udongo ndiyo iliyoniondolea ule ugonjwa wa kungojea msukumo. Sina nafasi ya kujiuliza kama leo najisikia kubuni. Kipo kikombe kinachotaka mkono leo, kesho kitakuwa kimekataa. Nakaa chini, naanza, na hamu, ikiwa itakuja, hunikuta tayari nimechafuka.

Kisha unakuja moto, na hapo majibu yanabadilika. Mikono hujibiwa papo hapo, moto hujibu baadaye, umeshafunga mlango na huwezi kuongeza neno. Ukipita nyuzi 100 maji ya mwisho yanaondoka kwa mvuke. Kati ya takribani nyuzi 450 na 600 hutoka maji ya aina nyingine, yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Katika kaolini safi hufika karibu asilimia 14 ya uzito wake. Yakishatoka, kaolini si kaolini tena. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatzi zilizomo udongoni hubadili mpangilio na kutanuka ghafla, na tanuri likipoa, hapohapo husinyaa. Ndiyo sababu wafinyanzi hupita daraja hilo taratibu, kupanda na kushuka. Uchomaji wa kwanza huishia karibu nyuzi 1000. Chungu kinatoka kigumu lakini kinanyonya maji, tayari kwa glezi.

Glezi ni kioo kilichofundishwa kushika udongo. Silika, ndiyo inayotengeneza kioo, huyeyuka ikishapita nyuzi 1700, na tanuri la kawaida halifiki huko, kwa hiyo huchanganywa na viyeyushi, kama chokaa au feldspa, ili ikubali kuyeyuka mapema. Na huongezwa alumina, inayoifanya glezi kuwa nzito, isije ikatiririka yote hadi kwenye rafu. Mizani ya vitu hivyo vitatu unaweza kuicheza maisha yako yote. Halafu rangi. Shaba ikichomwa kwenye moto wenye hewa ya kutosha hutoa kijani. Ikinyimwa oksijeni inaweza kutoka nyekundu kama damu. Chuma, kwa kutegemea kiasi na moto, hutoa kuanzia kijani cha kufifia hadi kahawia ya asali hadi weusi. Na unapoipaka, glezi mbichi ni majimaji ya vumbi, mara nyingi ya kijivu au ya waridi, yasiyofanana hata kidogo na itakachokuwa. Unapaka kwa imani.

Si imani tupu, lakini. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Seger alileta vijipembe vya udongo uliochanganywa na viyeyushi kwa vipimo maalumu. Huwekwa tanurini pamoja na vyungu, na kila kijipembe, kwa namba yake, huinama moto ukishafanya kazi ya kiasi fulani. Kipimajoto hukuambia nyuzi za sasa hivi. Kijipembe hukuambia moto na muda kwa pamoja, na udongo nao hauiangalii namba, unaangalia moto na muda. Napenda sana wazo hilo, la kupima joto kwa kitu cha ukoo mmoja na kinachochomwa.

Tanuri likizimwa, adhabu ni kungoja. Kulifungua likiwa bado na moto ni kualika nyufa. Wakati mwingine, vyungu vikishatoka, huanza kulia ting', ting', vyenyewe, mezani: glezi imesinyaa zaidi ya udongo ulioibeba, sasa inapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Wengine hulitafuta pambo hilo makusudi. Kwa chombo cha kulia chakula mimi silitaki, maana uchafu hupenda kujificha humo. Na kila kitu kimepungua. Kuanzia ubichi hadi moto wa mwisho udongo wa moto mkali husinyaa karibu sehemu moja ya kumi, mara nyingine zaidi, hivyo kikombe ulichokifinyanga kikubwa kiasi cha kukuonea aibu hutoka kikiwa saizi ya kikombe.

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Kabla ya moto, hakuna kinachopotea. Chungu kilichokauka kabisa ukikitumbukiza kwenye ndoo ya maji hubomoka chenyewe, kinatoa vipovu, kinalala chini kikiwa tope. Cha ajabu, kikavu kabisa hubomoka kwa urahisi kuliko chenye unyevunyevu. Unalikausha tope hilo kidogo, unalikanda, unaanza upya. Baada ya moto hakuna kurudi. Kigae hakiozi. Katika pango la Xianrendong, China, vimepatikana vigae ambavyo umri wake umepimwa kuwa takribani miaka 20,000. Waliovifinyanga hatuyajui majina yao wala lugha yao, lakini alama za ufinyanzi wao bado zinasomeka. Kwa hiyo kila ninapopanga tanuri naamua ni kitu gani kibaki duniani baada yangu, hata kama ni sahani ya kuwekea sabuni.

Uamuzi huo, wa nini kichomwe na nini kirudi ndooni, kwangu ndio sehemu ya ubunifu kuliko zote, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Watu hupiga picha mikono yenye tope ikivuta ukuta juu. Hakuna anayepiga picha ya mtu amesimama mbele ya rafu ya vyombo vikavu, anakitoa kimoja baada ya kingine na kukitumbukiza. Bakuli zuri tu, lisilo na ufa, linarudi kwa sababu halina la kusema. Ukishaweza kufanya hivyo bila moyo kukuuma, jicho lako limeanza kuwa la mfinyanzi. Nawashauri wanaoanza wasichome kitu kwa muda mrefu. Wakate vyombo vyao katikati kwa waya, kutoka mdomoni hadi kitakoni, watazame ukuta ulivyo: ulipo mnene, ulipo mwembamba, kitako kilivyobeba udongo wa bure. Chungu kilichokatwa hufundisha kuliko chungu kilichopigwa picha.

Na warudie. Wengi wakishafanya bakuli moja likakubali, hukimbilia mtungi, kisha sanamu, kisha kinyago. Mimi ni muumini wa bakuli lilelile. Ukilifanya tena na tena, mambo uliyoyapanga yote yanafanana, na yanabaki yale usiyoyapanga: namna kidole gumba chako kinavyoacha ukingo, kiasi cha mviringo ambacho macho yako hukiona kimetosha. Mkono wako uko humo, kwenye vitu ambavyo hukuviamua. Mfinyanzi akishika chombo cha mwenzake hukigeuza kwanza atazame kitako, kwa sababu upande wa juu kila mtu hujipamba, na kitako ndiko anakojulikana. Lucie Rie, aliyekimbia Vienna mwaka 1938 akahamia London, alijikimu wakati wa vita kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya kauri, kimoja kimoja, kwa wingi usioelezeka. Mtu anaweza kuiona kama miaka iliyopotea kwa mfinyanzi wa kiwango chake. Mimi nikiziona glezi zake za baadaye navifikiria vile vifungo: ni uwanja gani mzuri zaidi wa kujaribia rangi kuliko kitu kidogo unachokirudia?

Swali linalofuata huwa ni kama nauza. Kidogo, na kwa kusitasita. Siku niliyoanza kuhesabu idadi ya vikombe kwa jioni, udongo ulinyamaza, ukawa kama zile nyaraka. Wapo wanaoweza kuishi kwa ufinyanzi bila kupoteza mazungumzo, nawaheshimu sana. Wana nidhamu ambayo mimi ninayo kwenye mambo mengine. Napenda zaidi kugawa, kisha kumkuta mtu akitumia. Chombo kinajibiwa mara ya tatu hapo, na mtu ambaye hukumfikiria: anakishika mahali usipopategemea, anakunywea upande ulioona una kasoro, anakwambia kwamba mkono wa kikombe unabana kidole cha tatu. Hakuna maonyesho yaliyowahi kunifundisha kama kidole hicho. Vyombo vizuri huondoka, vilivyopinda hubaki kabatini kwangu, na msemo kwamba mfinyanzi hulia gaeni nimeuona ukitimia kwangu kila asubuhi.

Kama umeshawishika kujaribu, chukua donge linaloenea kiganjani, ingiza kidole gumba katikati, zungusha ukibinya. Huhitaji zaidi ya hapo. Jambo moja tu nalisisitiza hadi nichukize: usifagie vumbi la udongo likiwa kavu. Lina silika, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Futa kwa kitambaa chenye maji, osha kitambaa, futa tena.

Mimi kwa sasa nimenaswa na birika. Birika ni vyombo vinne vinavyolazimishwa kukubaliana: tumbo, kifuniko, mkono, mdomo wa kumiminia. Mdomo lazima ufike juu kuliko usawa wa maji, la sivyo birika linamwagika kabla halijajaa. Ukiuvuta kwenye gurudumu, ile kumbukumbu ya udongo inakuja kudai chake: mdomo hujisokota motoni, hivyo ncha hukatwa upande kidogo, kwa kukisia utakavyogeuka. Nimeamua kuujenga kwa bapa niukwepe msokoto. Haujisokoti. Lakini unadondosha, tone moja, kila baada ya kumimina, linashuka chini ya mdomo hadi tumboni. Nadhani ncha ni nene mno, maji hayapati mahali pa kukatikia. Nimeshauandaa mwingine, nimeusugua ncha hadi ikawa kali kama ukingo wa jani, na uko chini ya plastiki unasubiri tumbo lake likakamae.